Kila Siku ya Posho, Mungu Akipenda

Ntumba mwanangu,

Umetoka hapa tangu saa nane kwenda kuaga rafiki zako, ukasema, "Mama, niko narudia sasa hivi." Sasa ni saa kumi na nusu. Sanduku lako liko wazi katikati ya chumba, nimelizunguka mara sita, na kila nikilizunguka hasira inanipanda upya. Nimeamua kukaa kwenye meza yangu ya kazi. Nimesogeza nguo za watu pembeni, nimechukua karatasi ninayochorea vipimo, na hii ndiyo unayosoma. Ukiona mistari ya penseli upande wa pili, ni mkono wa shati la mtu, usihangaike nao.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala dawa za malaria, wala nani umfungulie mlango na nani usimfungulie. Tantine, shangazi yako wa Lubumbashi, atakuambia hayo yote mpaka masikio yachoke. Mimi nina jambo moja tu, na nimetembea nalo tangu Jumapili.

Jumapili baada ya misa, padri alipokwisha kuwabariki ninyi mnaokwenda masomoni, ulimshika mkono Papa Kalonji pale mlangoni pa kanisa. Nilikuwa nyuma yako, nimebeba mkoba wako. Ukamwambia mbele ya watu, kwa ile sauti yako nzuri, "Papa, usiwaze. Kila siku ya posho nitakuitaka ku simu, nitakusomea masomo yote ya misa. Mungu akipenda." Mzee akacheka mpaka fizi zikaonekana. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba nimelea. Mimi sikuona fahari, nilipandwa na ghadhabu.

Nakujua, Ntumba. Nakujua kwa sababu hilo "Mungu akipenda" ulilolitumia ni langu. Sauti ni yangu, tabasamu ni langu, hata jinsi unavyoinamisha kichwa kidogo ukilisema. Nilisimama pale najiona mwenyewe katika gauni la kijana, na sikujipenda hata kidogo.

Ngoja nikuambie kitu kimoja kwanza, usije ukadhani namdharau mtoto wangu. Ulipoanza kwenda kwa Papa Kalonji ulikuwa na miaka kumi na mitano, na hakuna aliyekutuma. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika, na ulimsikia akilalamika kwamba yeye, katekista aliyefundisha nusu ya mtaa wetu wa Kikula, sasa anaingia kanisani bila kuyajua masomo ya siku hiyo. Ukaenda Jumamosi na kitabu chako. Ukaenda na Jumamosi iliyofuata. Miaka minne umemsomea, anakukatiza, anakurekebisha, anakurudisha mwanzo wa mstari kwa sababu umemeza neno. Nilipokuuliza kama hakuchoshi, ulinijibu kwamba anayajua karibu yote kwa moyo, anajifanya tu hayajui. Kwa hiyo unajua vizuri kuliko mimi kwamba mzee huyo hahitaji kusomewa. Anachohitaji ni kwamba Jumamosi ifike na mtu afike nayo.

Sasa tuje mwezi wa nane. Ulikwenda kwa tantine wiki mbili, na kabla ya kwenda ulimwahidi Papa Kalonji hayo hayo kwa maneno hayo hayo. Jumamosi ya kwanza nilipita kwake kumpelekea suruali niliyompunguzia kiuno. Nilimkuta ameketi nje, kwenye ile kona ya ukuta ambako simu inashika mtandao, amevaa shati lake la misa, simu iko juu ya goti. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe cha kijani, hakiondoki, asije akakipoteza.

Akaniambia, "Mama Ntumba, uniangalilie hii simu. Iko na réseau?"

Nikaichukua. Vile vistari vya mtandao vilikuwa vimejaa vyote. Nikakutafuta kichwani, uko wapi saa hiyo. Baadaye nikajua ulikuwa unasukwa nywele. Na mimi, kwa kinywa hiki hiki kinachopokea komunyo, nikamwambia mzee kipofu, "Hapana, Papa. Réseau haiko."

"Bon," akasema. "Nilijua. Ntumba hawezi kunisahabu."

Na hapo hapo simu ikalia mkononi mwangu.

Alikuwa dada yake wa Kakontwe, anamsalimu. Papa Kalonji alinyoosha mkono, akaichukua, wakazungumza kwa muda mrefu habari za maharagwe na mguu wa dada unaovimba. Mimi nimesimama na suruali mkononi, sijui niiweke wapi, sijui nijiweke wapi. Alipomaliza, aliifuta simu kwa shati lake, akaniambia polepole, "Mama Ntumba, usimufunikaka mutoto na bongo. Atazania njo blanketi." Alikuwa ameshaujua uongo wangu.

Uliporudi kutoka Lubumbashi uliniletea viatu. Nikafurahia viatu, nikanyamaza. Hukumpigia hata Jumamosi ya pili, nikanyamaza na hiyo pia. Ulipokwenda kwake ukamwambia mtandao ulisumbua, na kwa kuwa mama yako alikwisha kukutangulia na uongo huo huo, uongo wako ulikaa vizuri. Hilo ni kosa langu la karibuni. Nimeamka nalo leo asubuhi.

Kosa la zamani unalijua nusu tu.

Béa unamjua kama yule binti aliyeolewa Kakontwe anayetusalimu kwa mikono miwili sokoni, halafu anaenda zake. Wewe ulikuwa unaniuliza mbona hapiti nyumbani, na mimi nilikuwa nasema ana shughuli. Béa ni mtoto wangu wa ubatizo. Mama yake alikuwa rafiki yangu, tulikua pamoja hapa hapa Kikula, na alipojifungua alinichagua mimi. Siku ya ubatizo padri aliuliza kama tuko tayari kumsaidia mtoto huyu akue katika imani. Tukajibu "ndiyo" wote kwa pamoja, upesi, jinsi watu wanavyoitikia salamu, huku mimi najirekebisha kitambaa cha kichwa. Miaka sita baadaye mama yake alikufa. Béa akabaki na nyanya yake, nyumba nne kutoka kwetu. Nyumba nne, Ntumba. Na nilikuwa namwona akipita kwenda shule, namwita, namshika shavu, namwambia, "Nitapita kwenu kuwaona, Mungu akipenda." Nilikuwa nalisema kwa upendo kabisa. Ndicho kinachonichosha nikikumbuka: upendo ulikuwepo, mwingi tu, ila haukuwahi kuvuka barabara.

Alipofika miaka tisa akaandikwa komunyo ya kwanza. Nyanya yake akaniletea kitambaa cheupe na lesi kidogo, miezi miwili kabla. Mimi ni fundi, mimi ni mama wa ubatizo, ni nani mwingine angeshona gauni hilo? Nikakiweka kwenye rafu, mahali pa juu, kisichafuke. Kila wiki Béa akitoka shule alikuwa anasimama mlangoni, mkoba mgongoni. "Mama, robe yangu?" Nami najibu, "Itakuwa tayari siku ya posho, Mungu akipenda." Siku ya posho ikifika, namwambia siku ya posho ijayo.

Nawe unajua siku ya posho inamaanisha nini, au umeshasahau? Papa Kalonji hakuacha kutuambia katika katekismu. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya kampuni, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kugawa unga, samaki mkavu na mafuta. Ndiyo maana sisi watu wa huku hatuna Jumamosi, tuna siku ya posho. Alikuwa anasema, "Kampuni ilitufanyiaka mambo mingi ya mubaya. Lakini siku ya posho, unga ilikuwa pale. Hakuna muntu walimupatia Mungu akipenda mu mufuko." Watoto wote tulicheka. Nilicheka zaidi ya wote, na nilipokuwa mtu mzima nikawa namjazia mtoto yatima mfuko huo huo.

Ikafika Jumamosi ya mwisho, kesho yake ndiyo komunyo. Usidhani nililala siku hiyo. Nilishona tangu asubuhi, mgongo ukaniuma. Nilikuwa nashona libaya, blauzi yangu mwenyewe.

Soma tena kama unataka. Nilikuwa nimenunua kikwembe kipya, kitenge cha rangi ya machungwa chenye ndege, kwa sababu mama wa ubatizo anasimama mbele, nyuma ya mtoto, na kanisa zima linamwona. Nilitaka mikono yenye marinda. Marinda hayakukaa sawa, nikayafumua, nikayarudia, nikayafumua tena. Béa alikuja mchana, nikamwambia rudi jioni. Akaja jioni, nikamwambia, "Kesho asubuhi mapema, itakuwa tayari, Mungu akipenda." Nilikuwa na sindano mdomoni, sikumtazama hata usoni. Na niliamini, huo ndio ujinga wenyewe, niliamini kweli kwamba nitaamka alfajiri nikate, nishone, nipige pasi gauni zima kabla ya misa ya kwanza.

Asubuhi alikuja na nyanya yake. Ameoga, amepakwa mafuta, nywele zimesukwa na uzi mweupe. Alikuwa amevaa soksi nyeupe, ameshika viatu mkononi na kutembea juu ya vipande vya boksi ambavyo nyanya alikuwa anamtandikia kimoja baada ya kingine, soksi zisishike vumbi. Kitambaa kilikuwa kwenye rafu, kimekunjwa vile vile kilivyoletwa.

Nikasema, "Aa, courant ilikosa."

Béa akatazama chini, kwenye pedali. Cherehani yangu unaijua, ni ya miguu, haijawahi kuonja umeme tangu itengenezwe. Nyanya yake alitazama ukuta. Halafu mtoto akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, Mungu alikatala?"

Hakuwa ananisuta. Ningependa angekuwa ananisuta. Alikuwa ameambiwa kwa miezi miwili kwamba gauni litakuwepo Mungu akipenda, na gauni halipo, basi alikuwa anayafuata maneno yangu mpaka yanakoishia. Alitaka kujua tu. Ningemjibu, hapana, mwanangu, Mungu hakukataa, ni mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema hivyo, mlango umefungwa, hakuna mtu wa nje anayesikia. Nikasema, "Twende, tutachelewa misa."

Alipokea komunyo na sare ya shule, shati jeupe na sketi ya bluu, katikati ya magauni ya wenzake. Mimi nyuma yake, mkono begani kwake, na marinda yangu. Yalikaa vizuri siku hiyo, nadhani hayajawahi kukaa vizuri hivyo. Papa Kalonji wakati huo bado anaona. Tulipotoka alisimama mbele yangu, akanitazama kuanzia kola mpaka pindo, akasema, "Libaya yako iko muzuri sana, Mama Ntumba." Sijalivaa tena vazi hilo, na ndilo lile ulilolikuta chini ya kabati ukaniuliza mbona naliacha linaliwa na nondo.

Na wewe ulikuwepo asubuhi ile. Ulikuwa na miaka minne, umekaa chini ya meza hii hii ninayoandikia, unacheza na vipande vya kitambaa changu. Sijui ulisikia nini. Nikisikia unavyoongea na watu siku hizi, naogopa kwamba ulisikia kila kitu isipokuwa swali la Béa.

Jumatatu nililishona gauni. Nililishona vizuri, kwa hasira, nikaongeza lesi yangu mwenyewe, nikamkabidhi mikononi. Béa alilipokea kwa magoti, akasema asante, Mama. Wiki hiyo hiyo nikamwona bombani, anachota maji, amelivaa. Limelowa mpaka kiunoni, matope kwenye pindo. Hakulivaa kwa ukorofi. Lilikuwa nguo tu sasa, na nguo mtu anavaa. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Usingojee sasa nikuambie kwamba tangu siku hiyo nilibadilika, kama wale wanaotoa ushuhuda kwenye kipaza sauti hapo ng'ambo ya barabara mpaka watoto wanaamka. Nilibadilika kwa vipande. Niliacha kulitaja jina la Mungu kwenye nguo. Mtu akiniuliza nguo yake lini, nilijifunza kumtajia siku ambayo naweza kweli, au kumwambia hapana. Hapana ilinishinda kuliko kazi yenyewe. Mtu akikuomba kitu huku anatabasamu, "ndiyo" inatoka yenyewe, hata hujui imetoka wapi. Akina mama wa kwaya walipokuja na marobota ya vikwembe kwa ajili ya sikukuu ya parokia, niliwaambia nitaweza nusu tu. Walikasirika. Kiongozi wao akaniambia, "Mama, weye iko na imani kidogo." Nikamjibu kwamba imani ninayo, nisichokuwa nacho ni mikono minne. Wakavibeba vikwembe vyote wakampelekea fundi mwingine aliyesema ndiyo, na sikukuu ilipofika nusu ya kwaya iliimba na nguo za zamani. Ningekuwa mwongo nikisema sikufurahi kidogo.

Lakini nyumba nne zile zilibaki nyumba nne. Nilikuwa na aibu, na aibu ikawa sababu mpya ya kutokwenda. Nyanya yake Béa alipougua nilisema nitapita, nikapita siku ya mazishi. Béa akaolewa na kijana anayefanya kazi kwenye machimbo ya chokaa, akahamia Kakontwe. Katika miaka hiyo yote hakuniomba kitu. Hata kipande cha uzi. Watu walikuwa wanasema, yule binti ana heshima, hasumbui mtu, nami nilikuwa naitika kwa kichwa. Mtu akiacha kabisa kukuomba, Ntumba, usijipongeze. Ameshaamua wewe ni nani.

Mwaka huu alimbatizisha binti yake. Uliniona nikitoka asubuhi na mapema, nikakuambia naenda Kakontwe kupeleka nguo. Huo pia ulikuwa uongo, mkono wangu ulikuwa mtupu. Nilikwenda kukaa nyuma kanisani. Mama wa ubatizo alikuwa jirani yake, mama mmoja mfupi anayeuza mkaa, na mtoto alikuwa na gauni jeupe. Baada ya misa Béa akaja kunisalimu kwa mikono miwili kama kawaida. Nikaligusa gauni la mtoto, mikono ya fundi haiwezi kujizuia, nikauliza nani kashona. Akasema yeye mwenyewe, kwa mkono, jioni jioni, alianza mimba ikiwa na miezi mitano. Akanigeuzia pindo nilione. Lilikuwa limenyooka.

Hapo ndipo nikamwambia. Miaka kumi na mitano imepita, watu wanapita katikati yetu wanatafuta watoto wao, nikamwambia, "Béa, ile siku ya komunyo yako, Mungu hakukataa. Ni mimi. Nilikuwa nashona yangu."

Akanitazama. Akahamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine. "Najua, Mama," akasema. "Lakini nilikawiaka kujua. Miaka mingi nilizania njo Yeye."

Nililia njia nzima ya kurudi, na dereva wa teksi akaniuliza kama nimefiwa. Kwa sababu mimi nilidhani nilimnyima mtoto gauni. Gauni lingesahaulika. Nilikuwa nimemsingizia Mungu, na mtoto akaniamini. Kila alipopiga magoti, katikati yake na Mungu kulikuwa na cherehani yangu.

Baba yako amepita hapa sasa hivi, ameona kurasa, akasema, "Muache mutoto aende bila maneno mingi." Nimemwambia aende kutafuta kamba ya kufungia sanduku. Amekwenda.

Sikukatazi kusema Mungu akipenda. Mama yangu alilisema kila siku ya maisha yake. Ila yeye alikuwa analisema akiwa amekwisha kuvaa viatu, kikapu kichwani, mkono kwenye mlango. Alifanya yote yaliyo yake, halafu analiachia Mungu lile ambalo si lake, mvua, homa, daraja lililovunjika. Mimi nililisema nimekaa, na wewe unalisema unasukwa nywele. Maneno ni yale yale, ndiyo maana watu hawaoni tofauti, na ndiyo maana yananitia hasira kuliko matusi. Mtu anayetukana anajulikana. Sisi tunaomwahidi mtu kwa jina la Mungu halafu tunakwenda zetu, tunaitwa watoto waliolelewa vizuri.

Utasema masomo ya uuguzi ni magumu. Najua ni magumu. Utasema Jumamosi mtakuwa na mazoezi hospitalini, utakuwa umechoka, simu haina chaji, na mtandao wa Lubumbashi. Tafadhali, mtandao usiniambie mimi. Kama unaona kweli hutaweza kila Jumamosi, kesho asubuhi gari linaondoka saa mbili na nyumba ya Papa Kalonji iko njiani. Shuka, ingia, mwambie, "Papa, nilisema kila siku ya posho, nilisema zaidi ya nguvu zangu. Nitaweza moja kwa mwezi." Au hata moja kwa mwezi hutaweza, mwambie hivyo hivyo. Atanung'unika, atakuambia vijana wa siku hizi, atakubariki, na Jumamosi atavaa shati la kawaida na kukaa ndani kwake bila kungoja. Hutampunguzia kitu. Na kama unaweza, basi piga. Usimpigie kwa sababu mama yako ameandika barua kali. Mpigie kwa sababu ulisema, na ulimtaja Mungu kuwa shahidi, na huyo anayekungoja hana macho ya kuangalia vistari.

Mimi sikuahidi kwamba nitakuombea kila siku. Nilitaka kuandika hivyo, wazazi wote wanaandika hivyo, kalamu ilishafika kwenye karatasi nikaiondoa. Nimekuombea leo, kabla sijaanza kuandika, nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki, na sanduku lako mbele yangu. Niliomba muda mrefu, nililia kidogo, maana nakupenda na nyumba hii itakuwa kimya mno. Ya leo nimefanya. Ya kesho nitakuambia kesho nikiwa nimekwisha kuifanya.

Ila kuna kitu kimoja nimeshakipanga. Kesho unasafiri. Kesho kutwa ni siku ya posho. Saa kumi nitakuwa kwa Papa Kalonji, pale kwenye kona ya ukuta, na kiti changu na kazi yangu ya mkono. Atakuwa amevaa shati la misa na kidole kiko kwenye kitufe. Simu ikilia, nitanyamaza, nisikilize unavyosoma, na akikurudisha mwanzo wa mstari nitacheka peke yangu. Isipolia, atangoja, halafu ataniomba nimwangalizie mtandao, nami nitamwambia vistari vimejaa, Papa, vyote. Na kama ataniuliza, kama Béa alivyoniuliza, kama Mungu amekataa, safari hii jibu ninalo. Nitamwambia, "Hapana, Papa. Mungu hakukatala. Njo Ntumba."

Usinifanye niseme hivyo, mwanangu. Nakuomba.

Naisikia sauti yako barabarani, unacheka na watu. Umesema sasa hivi, umekuja saa moja jioni. Naikunja barua hii na kuiweka chini ya nguo zako za juu, mahali ambapo mkono wako utafika kwanza usiku huu ukifungasha.

Mama yako